Jinsi Motokaa Zilivyojifunza Kujitia Oili

Wakati wa mavuno malori yaliyojaa magunia ya mahindi huteremka kutoka Kitale, hupita Kiminini na Kamukuywa, hufika Webuye, na mengine huendelea mpaka Bungoma. Mji wa Kitale uko kwenye kimo cha mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na Bungoma uko kwenye mita 1,400 hivi. Basi lori lirudilo Kitale na shehena ya mbolea au saruji hupanda karibu mita 500 kabla ya kufika, na mahali pengine hupanda kwa gia ndogo, injini ikinguruma na kupata moto. Muda huo wote, pampu ambayo mtu angeweza kuishika kwa mkono mmoja huvuta oili kutoka sampu, yaani karai lililo chini ya injini. Huisukuma katika vijia vyembamba vilivyotobolewa ndani ya chuma, na oili hiyo huanguka tena ndani ya karai, ikavutwa tena. Pampu hiyo ikikoma na dereva asitambue, mahindi yatashushwa kando ya barabara, na mwenye lori atatafuta injini nyingine.

Yafaa kueleza kwanza kwamba "oili" hapa ni mafuta mazito ya kulainishia, wala si petroli wala dizeli, kwa sababu mtu akisema "mafuta" tu kituoni huenda akapewa kitu asichokitaka.

Watu wengi hudhani kwamba oili hutiwa katika injini ili vyuma viteleze, kama vile mpishi apakavyo mafuta kwenye kikaango ili chapati isishike. Wazo hilo si la uongo, lakini halitoshi. Kikaango hupakwa mara moja kwa kila chapati. Chuma kizungukacho mara elfu mbili kwa dakika chataka kupakwa bila kukoma, tena kwa sababu ambayo mafundi wenyewe hawakuielewa sawasawa mpaka miaka ya 1880. Waliotengeneza motokaa za kwanza walikuwa bado hawajaitia sababu hiyo kazini. Taabu iliyowapata madereva wa siku zile ndiyo iliyozaa mipango ya oili iliyomo leo katika kila lori na, ajabu zaidi, katika kila pikipiki ya bodaboda ingojayo abiria pale Kanduyi.

KOPO NA MATONE

Mwaka 1886 Carl Benz wa Mannheim, Ujerumani, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wa gari lake la magurudumu matatu. Injini ilikuwa nyuma. Krenki yake, yaani kile chuma kilichopindwa kinachogeuza mwendo wa pistoni wa kwenda na kurudi ukawa mwendo wa kuzunguka, ilikuwa wazi kabisa, hata mtu aliyesimama karibu aliweza kuitazama ikizunguka. Oili ilitoka katika vikombe vidogo, tone baada ya tone, ikaangukia beringi, kisha ikamwagika barabarani. Nguvu ya injini ilifikishwa kwenye magurudumu ya nyuma kwa mkanda na kwa minyororo miwili, nayo ilikuwa wazi vilevile.

Mwaka 1888 mkewe, Bertha Benz, aliliendesha gari la namna hiyo pamoja na wanawe wawili kutoka Mannheim mpaka Pforzheim, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Yasimuliwa kwamba njiani minyororo ililegea, ikabidi mhunzi wa mji wa Bruchsal aishughulikie. Kila mwenye baiskeli aijua sababu. Mavumbi huingia katika viungo vya mnyororo, yakachanganyika na oili kidogo iliyopo, na mchanganyiko huo ukasaga chuma kama tupa. Mnyororo mkuukuu haukurefuka kwa kuvutwa. Umerefuka kwa kuwa kila kiungo kimelika kidogo, na viungo ni vingi.

Huko Ufaransa, kampuni ya Panhard et Levassor ilipoanza kuuza motokaa zenye gia za kubadilishwa mnamo mwaka 1891, gia zenyewe zilizunguka bila kifuniko, zikipakwa grisi kwa mkono na kupokea mavumbi yote ya barabara. Baada ya miaka michache zilifungiwa ndani ya sanduku, ili zioge katika oili na kujikinga na uchafu. Badiliko hilo laonekana dogo, lakini neno "giaboksi" halikuwa na maana kamili mpaka siku hiyo.

Injini nazo zilifunikwa, lakini oili iliendelea kutolewa kwa matone. Mbele ya dereva palikuwa na safu ya vichupa vya kioo, kila kimoja na kijibomba chake kiendacho kwenye beringi fulani. Dereva alitakiwa kutazama barabara, kutazama ng'ombe wa watu, na wakati huohuo kuhesabu matone. Akizidisha, injini ilitoa moshi mwingi na plagi zikashika masizi. Akipunguza, beringi zilipata moto. Beringi za wakati huo zilitandikwa metali nyeupe, mchanganyiko wa bati, antimoni na shaba uliovumbuliwa na Isaac Babbitt wa Marekani mwaka 1839; metali hiyo ni laini na haikwaruzi krenki, lakini huyeyuka kwa joto ambalo chuma hakingelijali. Dereva alipofika mlimani ilimbidi afungulie matone zaidi, na aliposimama ilimbidi ayafunge. Katika motokaa nyingine alipewa pampu ya mkono, akaisukuma kila baada ya maili kadhaa. Akisahau kwa sababu ya mazungumzo mazuri na abiria, adhabu ilikuwa kubwa.

Kasoro moja ilikuwa katika mipango hiyo yote: oili iliyokwisha kufanya kazi haikurudi. Ilichomeka, au ilimwagika. Barabara zililainishwa kuliko injini.

KUTOKA KATIKA GARI LA MOSHI

Taabu hiyo ilikuwa imekwisha kuwapata watu wa reli kabla motokaa hazijazaliwa, na mmoja wa waliotafuta dawa yake alikuwa mtu mweusi, Elijah McCoy. Alizaliwa Kanada mwaka 1844, mtoto wa wazazi waliotoroka utumwa katika jimbo la Kentucky, Marekani. Wazazi wake walimpeleka Scotland kusomea uhandisi. Aliporudi na elimu yake, kwa ajili ya rangi yake hakupewa kazi ya uhandisi; alipewa kazi ya kuchochea moto na kupaka oili katika magari ya moshi ya reli ya Michigan Central. Treni za siku hizo zilisimamishwa kila mara ili mtu ashuke na kopo lake, azunguke injini na kupaka oili. McCoy, aliyekuwa akifanya kazi hiyo kwa mikono yake mwenyewe, alitengeneza chombo kilichotumia nguvu ya mvuke ule ule wa injini kupeleka oili mahali pake bila treni kusimama, akapewa hati ya uvumbuzi mwaka 1872. Alipofariki mwaka 1929 alikuwa na hati za uvumbuzi zaidi ya 50, na nyingi zilihusu oili.

Chombo cha McCoy kilionyesha kwamba mashine yaweza kujitia oili. Lakini kwa nini oili itiwe daima, na si kwa vipindi? Jibu la swali hili lilipatikana kwa bahati, katika kipande cha shaba chenye tundu.

Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na katika miaka ya 1920 njia kuu ya kwenda Uganda ilijengwa kupitia Bungoma. Katika mabehewa ya siku zile, uzito wote ulikaa juu ya vipande vya shaba vilivyopanda shingo za ekseli, mithili ya tandiko juu ya mgongo wa punda, na chini ya kila shingo paliwekwa pamba au pedi iliyolowa oili. Beringi ya namna hiyohiyo ndiyo iliyochukuliwa na mhandisi Mwingereza, Beauchamp Tower, alipoombwa na chama cha wahandisi wa mitambo cha nchi yake kupima msuguano. Taarifa yake ilitolewa mwaka 1883.

Tower alijaribu njia mbalimbali za kutia oili. Aliona kwamba shingo ya ekseli iliyozunguka ndani ya beseni la oili ilikuwa na msuguano mdogo sana kuliko ile iliyopakwa kwa pedi au kwa utambi. Kisha akatoboa tundu juu ya shaba, akikusudia kulitumia kutilia oili kutoka juu. Mashine ilipoanza kuzunguka, oili haikuingia katika tundu lile, ilitoka! Akaliziba kwa kizibo, kizibo kikasukumwa nje. Akaliziba kwa kipande cha mti, nacho kikatoka. Mwishowe akafunga kipimo cha nguvu, nacho kikapanda kupita ratili 200 kwa kila inchi mraba, ingawa uzito aliouweka juu ya shaba ulikuwa wastani wa ratili 100 tu kwa kila inchi mraba.

Maana yake ilikuwa hii: shaba haikuwa imekaa juu ya chuma hata kidogo. Ilikuwa ikielea juu ya oili.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1886, mtaalamu Osborne Reynolds aliueleza mwujiza huo kwa hesabu. Chuma kizungukacho huikokota oili pamoja nacho na kuiingiza katika nafasi inayozidi kuwa nyembamba. Oili haina pa kukimbilia, nayo haikubali kubanwa; kwa hiyo hujenga nguvu na kuinua kile kilicho juu yake. Dereva aliyepita kwa kasi juu ya maji yaliyotuama kwenye lami wakati wa mvua kubwa amepata kulionja jambo hilo, usukani ulipokuwa mwepesi ghafula mikononi mwake: maji yameingia chini ya tairi kama kabari, tairi likaacha kugusa barabara. Jambo lililo hatari kwa tairi ndilo wokovu wa beringi.

Kabari hiyo ya oili ina masharti. Chuma lazima kizunguke kwa kasi ya kutosha. Oili lazima iwe na uzito ufaao. Nyepesi mno hutoroka pembeni. Na tena, kwa kuwa oili hutoroka pembeni daima hata ikiwa nzito, lazima ije nyingine kila nukta kuchukua nafasi yake. Hapo ndipo tone moja kwa kila nusu dakika linaposhindwa. Hapo pia ndipo panapoeleweka kwa nini injini hulika zaidi inapowashwa asubuhi: kwa muda mfupi kabari bado haijajengwa, na chuma hugusa chuma. Dereva wa Kitale anayewasha lori lake katika baridi ya alfajiri na papo hapo kulikanyaga mpaka linguruma hulidhuru wakati lisipoweza kujitetea.

Mwaka 1890 Albert Pain, mchoraji wa mitambo katika kiwanda cha Belliss na Morcom huko Birmingham, alipata hati ya mpango wa kusukuma oili kwa pampu mpaka katika kila beringi ya injini ya mvuke iendayo kasi. Frederick Lanchester, mtu wa Birmingham vilevile, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuutia mpango wa namna hiyo katika motokaa, miaka ya mwanzo ya 1900. Na kiwanda cha Sunbeam cha Wolverhampton, kilichojulikana kwa baiskeli zenye mnyororo uliofungiwa ndani ya kasha lenye oili, kilifanya vivyo hivyo kwa minyororo ya motokaa zake za kwanza.

Motokaa hizo zilikuwa za matajiri. Iliyoingia katika mikono ya watu wengi ilijitia oili kwa njia nyingine, isiyo na pampu yoyote.

FORD ISIYO NA PAMPU

Ford ya Model T ilitengenezwa tangu mwaka 1908 mpaka 1927, na zilitoka zaidi ya milioni 15. Zilifika Afrika Mashariki pia, ambako aghalabu zilifungwa bodi ya mbao nyuma ili zichukue mizigo, na zilipendwa kwa sababu zilikuwa zimeinuka juu ya ardhi na fundi yeyote mwenye akili aliweza kuzifungua.

Henry Ford hakupenda kuweka kitu ambacho angeweza kukiacha. Nyuma ya injini yake palikuwa na gurudumu zito lililofungwa sumaku za kutengenezea umeme wa plagi. Gurudumu hilo lilizunguka likigusa oili iliyotuama chini, likairusha juu kama gurudumu la baiskeli lirushavyo matope. Sehemu ya oili hiyo iliangukia mdomo wa mrija, ikateremka kwa uzito wake yenyewe mpaka mbele ya injini, ikazilowesha gia za mbele. Kutoka hapo ilirudi nyuma polepole, ikijaza vibakuli vilivyokuwa chini ya kila pistoni. Mikono ya pistoni ilichovya katika vibakuli hivyo kila ilipozunguka na kuirusha oili kila upande. Oili iliyozidi ilirudi kwenye gurudumu zito, ikarushwa tena. Sanduku la gia na mikanda yake ya kukamatia gia vilikuwa humohumo, vikitumia oili ileile. Hapakuwa na pampu, wala kipimo, wala taa. Katika kuta za nyuma za karai palikuwa na bilula mbili ndogo, moja juu ya nyingine. Mwenye gari alijipenyeza chini na kuzifungua: ikiwa oili ilitoka katika ile ya chini na haikutoka katika ile ya juu, basi mambo yalikuwa sawa.

Yafaa kuusifu mpango huo. Ulikuwa rahisi, hapakuwa na cha kuvunjika, na oili ilirudi kazini badala ya kumwagwa. Lakini ulitegemea kitu kimoja, nacho ni ardhi tambarare. Fikiri gari kama hilo likipanda barabara ya kutoka Kimilili kwenda Kapsokwony, kwenye miguu ya Mlima Elgon. Mbele ya gari huinuka, na oili yote hukimbilia nyuma. Mrija uliozoea kuteremsha oili sasa umelazwa au umegeuka kuwa mlima. Vibakuli vya nyuma vimejaa, cha mbele kimekauka, na beringi ya mbele ndiyo inayochukua kazi nzito wakati oili imeikimbia. Wenye Ford hizo walijua kwamba beringi iliyo hatarini zaidi ni ya mbele.

Petroli nayo ililetwa kwa kuteremka tu, bila pampu. Kwa hiyo katika kilima kikali, tangi likiwa na petroli kidogo, injini ilizimika. Na wenye Ford walizoea kugeuza gari na kupanda kilima kinyumenyume. Aliyeona jambo hilo kwa mara ya kwanza alidhani dereva amelewa. Kumbe alikuwa akifuata sheria ya maji, ambayo ndiyo sheria ya petroli na ya oili.

Kulikuwa na adui mwingine ndani ya sanduku lenyewe. Mikanda ya gia ilitandikwa kitambaa cha pamba, na kitambaa hicho kilipochakaa kilitoa nyuzi zilizoelea ndani ya oili na kuingia katika ule mrija mmoja. Mrija ulipoziba, oili ilikoma kufika mbele hata katika ardhi tambarare, na dereva hakupewa dalili yoyote ila mlio wa kugonga, baada ya mambo kuharibika. Basi watu wakaanza kufanya majaribio. Wengine walifunga mrija wa pili nje ya injini, mpana zaidi, uendao moja kwa moja mpaka mbele. Wengine walitia wavu wa kunasa nyuzi. Viwanda vidogo vikaanza kuuza vifaa hivyo tayari kufungwa. Katika historia ya motokaa hao hawatajwi mara nyingi, lakini majaribio ya watu waliokuwa na gari moja tu na hofu ya kulipoteza yalikuwa na akili nyingi kuliko mengine yaliyofanywa kwa fedha nyingi.

PAMPU NA TAA NYEKUNDU

Ford mwenyewe alikubali. Motokaa yake ya Model A, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1927, ilikuwa na pampu ya gia iliyoinua oili na kuigawia beringi kubwa za krenki, ingawa mikono ya pistoni iliendelea kuchovya. Viwanda vingine vilikuwa vimekwisha kutangulia kusukuma oili kwa nguvu mpaka ndani ya krenki yenyewe. Mwaka 1923 Ernest Sweetland wa Marekani alikuwa amepata hati ya chujio la oili. Bila chujio, oili inayozungushwa daima huzungusha na uchafu daima.

Katika injini za leo, pampu husukuma oili kwanza katika chujio, kisha katika beringi za krenki, mikono ya pistoni na kamshafti. Mbele ya dereva kuna taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili, nayo hufahamika vibaya na watu wengi. Taa hiyo haipimi wingi wa oili. Hupima nguvu ya msukumo. Injini yaweza kuwa imepungukiwa na oili kwa lita moja au zaidi, na taa isiwake, maadamu pampu bado yapata cha kuvuta. Taa ikiwaka gari likiwa mwendoni, maana yake si kwamba oili itafutwe kwenye kituo kijacho. Maana yake ni kwamba ile kabari iliyoinua kizibo cha Tower haipo tena, na chuma kimeshuka juu ya chuma. Dereva asimame hapo hapo na kuzima injini. Kutoka Kamukuywa mpaka Webuye si mbali, lakini ni mbali mno kwa injini isiyo na oili.

Mara nyingine taa humetameta katika kona au mlimani tu, kisha ikazimika kwenye tambarare. Madereva wengi huipuuza na kulaumu waya. Lakini hiyo yaweza kuwa ni taabu ileile ya Ford iliyorudi: oili ni chache, imekimbilia upande mmoja wa karai, na mdomo wa pampu wavuta hewa. Kwa sababu hiyohiyo, oili hupimwa gari likiwa limesimama mahali pa sawa, na injini ikiwa imezimwa kwa dakika chache ili oili iteremke. Kijiti kilichochomolewa gari likiwa limeegemea ukingo wa barabara husema uongo.

MJUKUU WA FORD

Pikipiki nyingi za bodaboda zina mpango ambao Henry Ford angeutambua. Injini, klachi na gia hukaa katika nyumba moja na kuoga oili moja. Tofauti ni kwamba pikipiki ina pampu. Lakini oili yake ni kama lita moja tu, na hiyo lita moja hufanya kazi ya kubeba krenki, ya kupoza injini isiyo na maji, ya kulainisha gia na ya kuosha klachi. Vumbi la klachi huingia humo kama nyuzi za pamba zilivyoingia katika oili ya Ford. Ndiyo maana oili ya pikipiki huwa nyeusi upesi na hutakiwa kubadilishwa mapema kuliko ya lori.

Kijana apigaye bodaboda kati ya Kanduyi na Chwele, mara nyingi kwa pikipiki ambayo bado ana deni lake, huwa na mambo mawili ya kujihadhari nayo. La kwanza ni oili iliyopungua. Oili huungua kidogo kidogo, hasa injini ikiwa imechakaa, na kwa kuwa jumla ni lita moja, kupungua kwa robo lita ni upungufu mkubwa; katika lori kusingeonekana. Kuipima kila asubuhi kabla ya abiria wa kwanza huchukua muda mfupi kuliko kufuta kiti. La pili ni oili isiyofaa. Baadhi ya oili za motokaa hutiwa dawa ya kupunguza msuguano. Dawa hiyo huifaa motokaa, ambayo klachi yake huwa kavu, lakini klachi ya pikipiki hufanya kazi kwa msuguano ikiwa ndani ya oili, na dawa hiyo huifanya iteleze. Kwa ajili hiyo Wajapani waliweka kipimo maalum mwaka 1998, na chupa ya oili ifaayo huandikwa herufi JASO MA. Oili iliyokwisha kutumika na kuchujwa kwa kitambaa, inayouzwa kwa bei nafuu katika chupa isiyo na jina, hurudisha uchafu wote ulioondolewa. Kitambaa hakiwezi kuzuia kitu chembamba kuliko ule utando wa oili ulio ndani ya beringi.

Tena, pikipiki hiyohiyo iliyofika mbali hivyo bado yasukumwa na mnyororo ulio wazi au uliofunikwa nusu, kama gari la Bertha Benz mwaka 1888. Mavumbi ya kiangazi na matope ya masika huufanyia kazi ileile. Kumwagia oili juu ya uchafu hutengeneza tupa. Husafishwa kwanza, hukaushwa, ndipo hutiwa oili upande wa ndani, ambapo mzunguko huisukuma oili kuingia katika viungo badala ya kuirusha kwenye suruali ya abiria.

KATIKA DIFU

Sehemu inayosahauliwa kuliko zote ni difu, lile tumbo la chuma katikati ya ekseli ya nyuma ya lori. Humo hamna pampu mpaka leo katika malori mengi. Gia kubwa huzunguka ndani ya oili na kuirusha kila mahali, kama lile gurudumu zito la Ford lilivyofanya. Gia hizo husukumana na kusuguana kwa pamoja, hasa tangu kampuni ya Packard ilipoanza mwaka 1926 kutumia aina ya gia za difu zinazokutana chini ya kitovu. Oili ya kawaida haivumilii mkandamizo huo, nao utando wake hupasuka. Kwa hiyo oili ya difu huchanganywa na dawa zenye salfa, nazo ndizo ziipazo harufu ile kali inayoganda mikononi mwa fundi mpaka jioni.

Juu ya ekseli kuna tundu dogo la kupumulia. Difu likiwa na moto kisha likatumbukia katika maji baridi, kama pale kijito kinapofurika na kupita juu ya barabara, hewa ya ndani hujikunja na kuvuta kitu chochote kilicho karibu, hata maji kupitia kwenye sili zilizochakaa. Oili iliyoingiwa na maji hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa, wala haiwezi tena kujenga kabari. Kulikagua ni rahisi. Lori husimamishwa mahali pa sawa, kizibo cha ubavuni hufunguliwa, na fundi huingiza ncha ya kidole. Ikiwa oili yafika kwenye ukingo wa chini wa tundu na rangi yake ni ya asali au nyeusi, kizibo hurudishwa. Ikiwa ni nyeupe, humwagwa yote siku hiyohiyo, kabla lori halijapakiwa.